Shemeji, basi la bure lina saa zake

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu mbukwenyi. Shemeji alinipigia simu juzi akaniambia kwamba pale kibarazani Ipagala, Dodoma, mnapokutana wastaafu, kumezuka ubishi: mmoja wenu amesema Uingereza mzee hupanda basi bure popote aendako, mwingine akasema hizo ni hadithi za watu wa ughaibuni, na mkakubaliana niulizwe mimi niliyeko huku tangu 2001. Shemeji naye akaongeza swali lake, kama akija kututembelea Julai naye atapewa kadi ya kupandia bure. Nimeona nijibu kwa maandishi, maana kwa simu salio lingekwisha kabla sijafika mahali panapouma.

Aliyesema kuwa ni kweli hakudanganya, ila amesahau kutaja saa. Katika England, na nasema England kwa makusudi kwa sababu Uskoti na Welisi wana taratibu zao, sheria inampa mzee haki ya kupanda mabasi ya kawaida bure kuanzia saa tatu na nusu asubuhi hadi saa tano usiku, Jumatatu hadi Ijumaa. Jumamosi, Jumapili na sikukuu hakuna kikomo cha saa. Haki hiyo haikuja mara moja: mwaka 2001 wazee walipewa nusu nauli, mwaka 2006 wakapewa bure ndani ya eneo la halmashauri yao tu, na tangu Aprili 2008 kadi moja inatumika England nzima, kiasi kwamba mzee wa kaskazini anaweza kwenda kusini kabisa kwa kubadilisha mabasi ya mitaani, akiwa na subira na magoti mazuri. Mabasi makubwa ya safari ndefu na treni havimo, isipokuwa pale halmashauri ilipoamua kuongeza kwa fedha zake. Watu wenye ulemavu nao wana haki hiyo bila kujali umri.

Umri wenyewe umekuwa ukikimbia mbele yetu. Hadi 2010 ulikuwa miaka 60, kama ule wa kustaafu kwa lazima serikalini huko nyumbani. Kisha ukafungwa pamoja na umri wa pensheni ya serikali, ukapanda pole pole hadi kufika 66 mwaka 2020, na sheria imeshaupangia kufika 67 ifikapo 2028. Mimi niliipata kadi yangu mwaka 2022, baada ya kuingoja miaka sita zaidi ya walionitangulia.

Sasa mtauliza, kwa nini saa tatu na nusu? Mwalimu yeyote kati yenu aliyewahi kusimama na wanafunzi wake kituoni asubuhi jibu analijua. Konda wa daladala anapoona sare za shule hugeuza uso, kwa sababu mwanafunzi analipa pungufu na nafasi yake angeweza kuikalia mtu mzima mwenye nauli kamili. Huku konda hayupo, lakini hesabu ni ile ile. Basi la asubuhi hujaa wafanyakazi na wanafunzi, na kila mzee anayeongezeka saa hiyo humlazimu mwenye basi ama kumwacha anayelipa ama kuongeza basi lingine. Tofauti ni kwamba wenzetu wameiandika hesabu hiyo katika sheria. Halmashauri humlipa mwenye basi kwa safari za wazee, kwa kanuni kwamba asipate faida wala hasara kwa kuwabeba, na halmashauri inayotaka kuwaruhusu wazee wake mapema zaidi inaweza, ila gharama ni yake yenyewe. Zipo zilizosogeza mwanzo hadi saa tatu kamili. Nyingi zina ukata, kwa hiyo zimebaki na saa za sheria. Hata London, ambako wazee walikuwa wakisafiri saa zote, saa za asubuhi zilifungwa Juni 2020 wakati wa korona kuwa jambo la muda, na Januari 2023 likafanywa la kudumu.

Kila asubuhi kituo cha mtaani kwetu kina wazee kadhaa, wameshika kadi mkononi, wanatazama saa. Basi likifika dakika tatu kabla, mashine inaikataa kadi, na mzee huamua ama kulipa ama kungoja lijalo, ambalo huenda likawa nusu saa baadaye. Madereva wamewapa jina la utani, “twirly”, kwa sababu swali lao la kila siku, “nimewahi mno?”, likitamkwa haraka kwa Kiingereza, “too early?”, husikika hivyo. Wazee wenyewe hulicheka jina hilo. Mimi lilinichekesha mwaka wa kwanza, kisha Januari moja nikapewa miadi ya hospitali saa tatu asubuhi, wakati jua lenyewe linachomoza baada ya saa mbili, na nikagundua kwamba mgonjwa mwenye kadi ya bure naye hulipa nauli ikiwa daktari anaanza kazi mapema.

Hilo ni dogo. Linaloniuma ni hili, na sijawahi kulisema nikija likizo, kwa sababu mtu aliyekuja na zawadi haulizwi mambo kama haya naye hayasemi. Pensheni kamili ya serikali ya huku inahitaji miaka 35 ya michango, na asiyefikisha miaka 10 kwa kawaida hapati kitu. Mimi nilifika nikiwa na miaka 45. Hata kama nisingekosa kazi wiki moja, nisingeweza kufikisha miaka 35, kwa hiyo ninacholipwa ni sehemu tu ya kile anacholipwa jirani yangu aliyezaliwa hapa. Ndiyo maana katika umri wa miaka 69 bado nafanya usafi katika ofisi, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nne. Basi langu hupita saa kumi na moja na robo, na saa hiyo kadi yangu ni picha tu ya mzee. Nakwenda kwa kulipa, narudi bure. Nauli ya safari moja nje ya London imewekewa kikomo cha pauni 3 tangu Januari 2025, kama shilingi elfu kumi zenu, nami naitoa mara tano kwa wiki. Ipo tiketi ya wiki nzima, lakini kwa mtu anayelipa upande mmoja tu hailipi. Waliopanga saa hizi walimfikiria mzee anayekunywa chai yake nyumbani kisha akatoka kwenda sokoni. Katika basi la saa kumi na moja na robo kuna wazee wenzangu kadhaa, na karibu wote tulikuja kutoka kwingine.

Rafiki yangu wa Glasgow hunicheka. Uskoti kadi hutolewa kwa wenye miaka 60, haina saa, na inapandia hata mabasi ya safari ndefu ndani ya Uskoti. Welisi pia ni miaka 60 na saa zote. Kadi yangu ya England ikivuka mpaka huo haina kazi.

Hata hivyo sitaki mseme nimelalamika nchi ya watu. Kwa mjane anayeishi peke yake kadi hii ni safari za dukani, za kanisani, za kumtazama mjukuu, na sijaona mzee akinyanyapaliwa na dereva kwa kuwa nayo, kama mtoto wa shule anavyonyanyapaliwa kituoni kwenu. Shida nyingine ni ya basi lenyewe: tangu 1986, katika sehemu nyingi nje ya London, kampuni huchagua njia zinazolipa, na vijiji vingi vimebaki na mabasi mawili matatu kwa siku. Huko mzee ana kadi mfukoni na hana cha kupanda.

Na swali lako, shemeji. Kadi hupewa mkazi, awe raia au si raia, ilimradi makazi yake makuu yawe England. Mgeni wa viza ya matembezi hapewi hata akiwa na miaka 90. Kwa hiyo njoo na nauli na koti, hata kama ni Julai. Siku zangu za mapumziko tutatembea pamoja, ila ujiandae: wewe unayelipa utaweza kupanda basi alfajiri ukitaka, mimi mwenyeji ndiye nitakayekuomba tusubiri kituoni mpaka saa tatu na nusu.