Usimwite kila bundi bundi wa Usambara

Mwaka wangu wa kwanza kuongoza wageni kwenye msitu wa Amani, milima ya Usambara, niliaibika kwa ajili ya bundi. Tunateremka Muheza usiku, ndege mweupe akakatiza mbele ya taa za gari, nami nikatangaza kwa mbwembwe: "Huyo ndiye bundi wa Usambara!" Asubuhi mgeni mmoja mtu mzima akaniuliza kwa upole kama yule ndege alikuwa na vishungi kichwani. Hakuwa navyo. Alikuwa yule bundi wa kawaida anayelala kwenye mapaa ya nyumba zetu.

Kwa hiyo nyinyi mnaoanza kazi hii, anzeni na familia, yaani makundi ambayo wataalamu wamewagawa ndege. Bundi wote wako katika oda (kundi kubwa linalobeba familia) ya Strigiformes, na oda hiyo ina familia mbili tu. Strigidae ndiyo yenye bundi wengi, akiwemo huyo wa Usambara, anayeandikwa Bubo vosseleri katika vitabu vingi, aliyepewa jina la Vosseler, mtaalamu wa wanyama aliyefanya kazi Amani enzi za Wajerumani. Tytonidae ni ndogo, na wa mapaani ni wa huko: Tyto alba.

Mtazameni usoni kwanza. Uso wa Tyto una umbo la moyo, kama kopa ya karata, na macho ni meusi. Halafu sikilizeni: hagumi, anapiga ukelele wa kukwaruza. Siku moja niliokota mmoja aliyegongwa na gari kando ya shamba la mkonge nikamkagua miguu. Ukucha wa kidole cha kati una vijino kama kitana! Kidole cha ndani nacho kinalingana na cha kati. Kwa Strigidae huwa kifupi zaidi.

Majina ya kisayansi yalinisumbua kuliko ndege wenyewe. Mkiona Tyto alba (Scopoli, 1769), mabano hayo si pambo. Scopoli, aliyembatiza kwa mara ya kwanza, alimwita Strix alba; baadaye ndege huyo akahamishiwa jenasi nyingine, yaani kundi jingine la spishi za karibu, ndipo jina la mbatizaji likatiwa mabano. Angalieni pia kitabu ni cha mwaka gani. Vya zamani vinahesabu bundi wa mapaani wa karibu dunia nzima kuwa spishi moja. Vipya vingi vimemtenga wa mabara ya Amerika, Tyto furcata, na wa Asia na Australia, Tyto javanica. Wetu amebaki alba, nususpishi (tawi ndani ya spishi) poensis. Ila mkikuta mwenye mgongo wa kahawia iliyoiva kwenye nyasi ndefu, msikimbilie kusema alba. Huenda ni bundi wa nyasi, Tyto capensis.

Bibi yangu wa Ngamiani hana habari na Kilatini. Kwake wote ni babewatoto, na aliyekaa darini kwake alitaka nimfukuze. Nikambomolea mbele yake donge moja alilotapika yule ndege: manyoya na mafuvu ya panya. Akayatazama kitambo.

"Haya, akae," akasema. "Lakini asilie juu ya chumba changu."