Mboni ni ipi: tundu jeusi au duara la rangi?

SWALI: Naomba ufafanuzi. Mwanangu wa darasa la sita amechora jicho kwenye daftari la Sayansi. Mshale wa "mboni" ameuelekeza kwenye duara la kahawia, na mwalimu amempa vema. Mimi tangu utotoni najua mboni ni kile cheusi cha katikati kabisa. Nani kakosea? Halafu kope: ni ngozi inayofunika jicho au ni nywele zake? Nyumbani tumebishana mpaka chakula kikapoa. (Mama wa watoto wawili, Morogoro)

JIBU: Mama, mboni ni kile cheusi cha katikati. Umejua sawasawa tangu utotoni. Lakini usiende shuleni kudai ile vema ifutwe kabla hujanisikiliza, kwa sababu mwanao na mwalimu wake hawakulizua kosa hili. Wamelikuta ndani ya lugha, na lina sababu inayoonekana kwa macho.

Chukua kioo cha mkononi, usimame karibu na dirisha mchana. Tazama jicho lako moja. Kuna weupe, kuna duara la kahawia iliyokolea, na katikati ya duara kuna kitone cheusi. Sasa fumba macho yote mawili, uyafunike kwa viganja, uhesabu mpaka kumi, kisha uyafumbue ghafla mbele ya kioo. Utakiwahi kile kitone kikiwa kipana, na papo hapo kitaanza kusinyaa hadi kibaki kidogo. Kwenye jua kali hubaki na upana wa milimita 2 hivi. Gizani, hasa kwa kijana, chaweza kufika milimita 8.

Kitone hicho si kitu, ni uwazi. Ni tundu ambalo mwanga hupitia kuingia ndani ya jicho, na ni jeusi kwa sababu ileile inayofanya dirisha la nyumba ya jirani lionekane jeusi ukilitazama kutoka uani saa sita mchana: ndani mna giza kuliko nje. Kinachofanya kazi ya kulitanua na kulibana ni lile duara la kahawia. Duara hilo lina misuli ya namna mbili. Mmoja umelizunguka tundu kama kamba ya mdomo wa mfuko, ukikaza tundu linafumba. Mingine imetoka katikati kwenda pembeni kama spoku za gurudumu la baiskeli, ikivuta tundu linapanuka. Hakuna anayeiamuru. Mwanga ukizidi, jicho linajibu lenyewe.

Basi tuna vitu viwili, tundu na pazia lake, na neno moja la zamani, mboni. Kwa nini babu zetu hawakutoa majina mawili? Rudi kwenye kioo, safari hii kikae umbali wa mkono mzima. Duara la kahawia na tundu jeusi vimeungana, unaona doa moja jeusi juu ya weupe. Macho ya watu wengi wa kwetu yana rangi iliyokolea sana, kwa hiyo aliyemtazama mwenzake usoni aliona jeupe na jeusi, basi. Jeusi lote likaitwa mboni. Watu wenye macho ya kijivu au ya kibuluu wanaliona tundu toka mbali, limesimama peke yake katikati ya rangi nyepesi, na si ajabu lugha zao zikalitenga mapema. Lugha hutaja kile ambacho jicho hutofautisha, na hapa jicho lenyewe halikutofautisha.

Kwa mazungumzo ya kawaida mseto huo hauna madhara. Mtu akisema "mboni zake zilinitazama", sina ugomvi naye. Ugomvi wangu unaanza pale ninapoona matangazo ya lenzi za urembo yakiahidi "mboni za bluu". Tundu halina rangi. Na katika Sayansi, ambako mtoto anatakiwa aeleze kipi kinabana na kipi kinabanwa, neno moja halitoshi tena. Hapo ni lazima tuchague mboni ibaki wapi, na mimi nachagua tundu bila kusita.

Sababu yangu ya kwanza imo ndani ya neno lenyewe. Mboni ni mtoto wa kitenzi kuona. Wasukuma husema kubona, Warundi na Wanyarwanda kubona, Wazulu ukubona. Kiswahili kiliidondosha ile b ya zamani, tukabaki na kuona, lakini pale ilipotanguliwa na m ilinusurika. Jambo hilohilo unalitamka kila siku bila kulihisi: watu wawili, nyumba mbili. Mzizi ni mmoja, na mbele ya m ndipo b inapojitokeza. Kwa hiyo mboni, ukilifumua neno, ni kile kinachoona. Majirani zetu wa Malawi wanaosema Kichewa wamelipeleka mbali zaidi: kwao mboni ni shahidi, mtu aliyeona kwa macho yake. Mimi huona neno hilo ni zuri kupita kiasi kulibandika kwenye misuli ya pembeni. Likae penye mlango wa mwanga.

Sababu ya pili ni ya matumizi. Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili, walipofika Zaburi ya 17, waliandika "unilinde kama mboni ya jicho". Kwenye Kiebrania lipo neno ishon, ambalo hueleweka kama mtu mdogo wa jicho. Waarabu nao husema insan al-ayn, binadamu wa jicho, na Kilatini kina pupilla, kijisichana au mwanasesere. Lugha tatu zimemkuta mtu humo ndani, na si muujiza. Mpakate mwanao, usogeze uso karibu na wake, utazame katikati ya jicho lake: utajiona wewe, mdogo kama punje, umesimama katika lile jeusi. Kinachokuakisi ni konea, ile ngozi angavu ya mbele inayong'aa kama kioo cha saa, na weusi wa tundu nyuma yake ndio unaofanya sura ionekane vizuri. Waliotafsiri Zaburi walipotaka neno la Kiswahili la mahali hapo, walichukua mboni, nami nadhani walichagua vema.

Sababu ya tatu niliipata kliniki ya macho, siku nilipompeleka shangazi yangu. Nesi alimwambia, "Shikamoo mama. Nakuwekea dawa ya kupanua mboni, daktari apate kuchungulia ndani." Shangazi akashika mkono wangu. Alidhani jicho lake zima litavimbishwa. Akauliza, "Mboni ndiyo ipi, mwanangu?" Nesi hakutoa maelezo marefu. Aliniketisha mimi, akamulika jicho langu kwa kitochi, akazima, akamulika tena, akamwambia, "Umeona kile cheusi kinavyojibana? Hicho ndicho. Dawa inakizuia kisijibane." Shangazi akacheka, akainamisha kichwa nyuma apate matone yake. Tulipotoka nje jua lilimchoma, macho yakafanya kiwi, na alitembea hadi kituo cha daladala akiwa amejifunika ushungi mpaka puani, maana mlango wake wa mwanga ulikuwa wazi kabisa na hakuna wa kuufunga kwa saa kadhaa. Wahudumu wetu wa macho, basi, tayari wanalitumia neno kwa maana ya tundu. Shule ikifundisha maana nyingine, tunamlea mtoto ambaye siku moja ataketi kwenye kiti kile na kuelewa kitu kingine.

Na lile duara la rangi? Liite irisi. Najua wapo wanaosononeka kila neno la kukopa linapoingia, na mara nyingi nipo upande wao, ila hapa sioni hasara. Kwa Kigiriki irisi ni upinde wa mvua, na hakuna jina linaloifaa zaidi sehemu ambayo kwa mtu mmoja ni kahawia, kwa mwingine kijani, kwa mwingine kijivu. Kwa wingi wa melanini, rangi ileile ya ngozi, hukolea. Ikipungua, huwa nyepesi. Retina nayo imeshazoeleka: ni utando wa nyuma ambamo taswira huangukia, tena ikiwa juu chini, na jina lake limetoka kwenye neno la Kilatini la wavu. Konea, lenzi, irisi, retina, hayo manne tumeyapokea kutoka nje. Mboni ni yetu. Ndiyo maana naililia.

Kabla sijaenda kwenye kope, kuna neno jingine linalozaliwa hapohapo mbonini na linalochanganya watu: mtoto wa jicho. Nyuma ya mboni imekaa lenzi. Lenzi ikipata ukungu, anayekutazama ataona mboni imekuwa ya kijivu au nyeupe, na atasema mboni imeharibika. Mboni haina kosa, ni dirisha safi linaloonyesha pazia chafu la ndani. Daktari wa upasuaji huitoa lenzi ile yenye ukungu na kuweka ya bandia, na mboni inabaki palepale. Chamba cha jicho ni jambo jingine: ule ni utando mweupe wa juu, mbele ya mboni, si nyuma yake. Vyote viwili huonekana kama weupe, na nyumbani majina hubadilishana ovyo, lakini mgonjwa anayemwambia daktari neno lililo sahihi ameshamsaidia nusu ya kazi. Na msiyafananishe hayo na presha ya macho, ambayo haina uhusiano wa lazima na presha ya damu. Hiyo mara nyingi ni majimaji ya ndani ya jicho kukosa njia nzuri ya kutoka, yakabana mshipa wa fahamu, na kinachopotea huko hakirudi kwa upasuaji.

Sasa kope. Hapa, Mama, nyote nyumbani mlikuwa na haki, na chakula kilipoa bure. Umoja ni ukope, wingi kope, na Kiswahili kimeliruhusu neno hili lishike ngozi na nywele pamoja tangu zamani. Unaposema "kope zimekuwa nzito kwa usingizi", unasema ngozi. Unaposema "ukope umeniingia jichoni", hakuna atakayedhani ngozi yako imeng'oka. Saluni nako hawana swali: kope za kubandika ni nywele tu. Ukitaka kukwepa utata wote, hasa kwenye daftari la shule, andika kope kwa ngozi na nywele za kope kwa nywele. Ni maneno mengi kidogo, lakini hayamkosei mtu. Nyusi ziache juu huko, hazimo katika ugomvi huu, ijapokuwa kila mwaka napata barua ya mtu anayeziita kope.

Mahali pamoja utata huu una uzito wa kweli. Ugonjwa wa trakoma Watanzania wengi wanauita vikope, na jina hilo limebeba maana zote mbili kwa pamoja. Bakteria wake hupita kwa mikono, kwa vitambaa vya kujifutia uso na kwa nzi wanaotua machoni mwa watoto. Mtu akiambukizwa tena na tena kwa miaka, upande wa ndani wa kope, yaani ngozi, hupata makovu na kujikunja kuelekea ndani. Ngozi ikijikunja, kope, yaani nywele, zinageukia jicho na kukwaruza konea kila anapopepesa. Kongwa, mkoani Dodoma, watafiti wameufuatilia ugonjwa huu kwa miongo kadhaa, na katika maeneo kama hayo si ajabu kumkuta bibi mwenye kibano kidogo anachokitumia kung'oa nywele hizo moja moja, kisha zinaota tena. Nywele akizing'oa anapata nafuu ya siku chache, kwa kuwa tatizo liko kwenye ngozi, na inayonyooshwa na daktari ni ngozi. Kwa hiyo mhudumu akimwambia bibi huyo "kope zako zimejikunja", anamtajia ngozi. Akimwambia "kope zinakukwaruza", anamtajia nywele. Kitenzi ndicho kinachomwonyesha ni ipi.