Kilo nne za wiki ya kwanza si mafuta

SWALI: Asalaam alaykum daktari. Mie niko Chake Chake, nina miaka 38, kilo 92, urefu sentimita 160. Nina presha, natumia vidonge viwili, kimoja nimeambiwa ni cha kutoa maji. Wifi yangu kafanya keto, ile ya kuacha wali na mikate, kapungua kilo 4 kwa wiki moja. Kazini kwetu wengine wanafanya ile ya kufunga masaa 16. Na kuna dada anauza chai ya kupunguza tumbo, anasema ukichanganya na keto unapungua mara mbili. Ipi inayeyusha mafuta upesi? Na je, niache wali kabisa?

JIBU: Waalaykum salaam dada angu. Ntakujibu yote ila wacha nianze na zile kilo 4 za wifi yako, kwa sababu hizo ndizo zinazonichosha, kila anaenijia kutaka kupungua ana mtu wake aliepungua kilo 4 au 5 kwa wiki, na ni kwa hizo kilo ndio chai na ratiba zote hizi zinauzika.

Tupige hesabu. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kalori kama 7,700. Kilo 4 ni 30,800, gawa kwa siku 7 unapata 4,400 kila siku. Sasa mwanamke wa uzito kama wako, mwili wake mzima, kuanzia moyo kupiga mpaka kwenda sokoni na kurudi, unatumia kiasi cha 2,000 na ushei kwa siku. Yaani hata wifi yako angekaa wiki nzima hajatia tonge mdomoni mafuta yangempungua kiasi cha kilo 2 basi, na yeye alikuwa anakula mayai na kuku! Mizani haikusema uongo, kilo 4 zimeondoka kweli, lakini nyingi yake ni maji.

Iko hivi. Mwili unaweka akiba ya wanga kwenye ini na kwenye misuli, inaitwa glaikojeni, kwa mtu mzima ni kiasi cha nusu kilo, na kila gramu yake inashikana na maji kama gramu 3. Ukiacha wali, boflo na muhogo ghafla akiba inamalizwa ndani ya siku chache na maji yake yanatoka. Tena insulini, homoni ya kuendesha sukari mwilini, inashuka, figo zinaachia chumvi, na chumvi haitoki peke yake inatoka na maji mengine. Ongeza na tumbo lenyewe ambalo sasa halina chakula kingi. Ndio hizo kilo 4. Siku akienda harusini akala pilau, akaendelea na wali na boflo, akiba inajaa, kilo 2 zinaweza kurudi kwa siku mbili, anaona mafuta yote yamerudi, anajilaumu, anasema mwili wangu ndio ulivyo, kisha anakwenda kununua kitu chengine. Hapa ndipo ninapokasirika, kwa sababu mtu huyu hakushindwa chochote, alidanganywa tangu mwanzo kuhusu kitu gani kilichopungua. Na muuzaji anajua, ndio maana utaona ratiba za siku 7 na siku 10, hutaona anaekuuzia ratiba ya mwaka na kukufatilia mwaka mzima.

Sasa hizo ratiba zenyewe. Keto inapunguza mafuta ndio, sikatai, ila kwa mwendo ule ule wa ratiba nyengine. Mwaka 2018 ulitoka utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani, watu 609 kwa miezi 12, nusu walipunguza wanga nusu walipunguza mafuta ya kwenye chakula. Wa wanga walipungua kwa wastani kilo 6, wa mafuta kilo 5.3, na wataalamu wakasema hapo hakuna tofauti ya maana. Na ndani ya kila kundi wapo waliopungua sana na wapo walioongezeka kabisa, kwa hio jina la ratiba halikuwa ndio kitu. Makundi yote mawili yaliambiwa wapunguze sukari na unga mweupe na wale mboga nyingi. Mtu wa keto anapungua kwa sababu kaacha maandazi, chapati, soda na chai ya sukari, na mayai na samaki yanamshibisha mapema akala kidogo. Hayo unaweza kuyafanya bila ya kuagana na wali maisha.

Kufunga masaa 16 ni hivo hivo. China walijaribu, matokeo yakatoka 2022, watu 139 kwa mwaka mmoja, wote walipunguziwa kalori sawa, nusu wakaambiwa wale baina ya saa 2 asubuhi na saa 10 jioni tu. Waliofunga walipungua kilo 8, wasiofunga kilo 6.3, na hapo pia tofauti haikutosha kusema saa ndizo zilizofanya kazi. Na sie hapa Unguja na Pemba tulipaswa tuwe wa kwanza kulijua hili, tunafunga mwezi mzima kila mwaka na bado wangapi wanatoka Ramadhani wamenenepa? Masaa yapo, lakini ikifika magharibi kuna tambi za sukari, kaimati, sambusa, muhogo wa nazi, sharubati, kisha daku la wali. Kufunga kunasaidia ikiwa kunakufanya ule kidogo kwa jumla. Kama kunakufanya ufidie usiku, hakuna kitu.

Wali usiache. Punguza sahani, na angalia zaidi kinachokwenda na huo wali. Kijiko kimoja cha kulia cha mafuta ya kupikia kina kalori kama 120, na nnavyojua mie mafuta kwetu hayapimwi kwa kijiko, yanamiminwa. Tui zito juu yake. Vikombe vinne vya chai kwa siku, vijiko vitatu vya sukari kila kikombe, hapo tu ni karibu kalori 200 ambazo hata hukuzihesabu kuwa ni chakula. Watu wanachukia wali na mafuta ya kukaangia hawayaangalii kabisa!

Kwako wewe mwenye presha mie ningechagua ile inayoitwa DASH, ratiba ya chakula cha kushusha presha. Ilijaribiwa Marekani, matokeo yakatolewa 1997, wenye presha waliokula hivo namba ya juu ya presha yao ilishuka kwa kiasi cha 11, na hapo uzito haukupungua maana walilishwa kwa kipimo makusudi usibadilike. Ukiweka na kupungua juu yake ndio vizuri zaidi. Na vyakula vyake vingi tunavyo, choroko, kunde, mchicha, samaki wa kuchoma, papai, machungwa, mtindi usio na mafuta mengi, karanga kidogo zisizo chumvi. Chumvi uipunguze kweli kweli, na papa mkavu na ng'onda wawe wa siku moja moja. Lengo lako liwe kilo 5 mpaka 9 kwa miezi sita hivi, hata robo kilo kwa wiki inatosha, na huko presha na sukari vinaanza kushukuru hata kama nguo bado ni ile ile.

Chai sasa. Usinywe. Nyingi ya chai hizi ndani yake mna sanamaki, na sanamaki inafanya kazi kwenye utumbo mpana, wakati chakula kishanyonywa huko juu kwenye utumbo mwembamba, kwa hio unaharisha maji na chumvi, mafuta yako yapo pale pale. Wewe unatumia kidonge cha kutoa maji, uongeze keto inayotoa maji, uongeze na chai ya kuharisha, vitu vitatu vinavuta sehemu moja. Presha inaweza kuanguka ukazimia, na potasiamu, madini ya damuni, ikishuka sana moyo unapoteza mapigo yake, na hio inaua.

Na kuna baya kuliko sanamaki. Sibutramini ilikuwa dawa ya kupunguza uzito, ikaondolewa madukani Marekani na Ulaya 2010 kwa sababu ilizidisha mshtuko wa moyo na kiharusi, na mpaka leo inakutwa imefichwa kwenye vidonge, kahawa na chai zinazoandikwa ni za mitishamba mitupu. Inapandisha presha. Paketi haitakwambia. Kwa hio kitu kisichosajiliwa na Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar kisiingie mdomoni, hata kama anaeuza ni jirani yako na unampenda.

Wenye sukari nao wanaosoma hapa, msianze kufunga wala keto kwa kuambiwa na mtu. Ukiwa kwenye sindano za insulini au vidonge vya glibenklamidi na hujala, sukari inaanguka na unaweza usiamke. Ukiwa kwenye zile dawa mpya za sukari, dapagliflozini au empagliflozini, keto inaweza kuijaza damu asidi na kipimo cha sukari kikaonesha hakuna tatizo. Dozi inapangwa upya kwanza na anaekutibu, kisha ndio chakula kinabadilishwa. Na dawa ya presha usiiache mwenyewe kwa sababu umepungua, nenda upimwe, wao ndio wataipunguza.

Wifi yako muulize kama na yeye anainywa hio chai. Kama anahisi moyo unadunda ovyo, misuli inabana, au kizunguzungu kila akisimama, asisubiri kesho, aende spitali na achukue na paketi yake waione.