Maswali ya Wasomaji: Kabla Tasnifu Haijafika kwa Watahini

SWALI: Ndugu Mhariri, huu ni mwaka wangu wa nne katika masomo ya shahada ya uzamivu. Nimetafiti bei ya dagaa tangu wanapotoka mtumbwini hadi wanapofika kwa akina mama wenzangu wanaouza soko la Mwaloni, na msimamizi wangu ameniambia nijiandae kuwasilisha tasnifu. Wenzangu wananihimiza nishughulikie kwanza pambizo, aina ya herufi na jalada, kwa kuwa ndiyo yanayowarudisha wengi. Je, ni kweli? Na makala mbili nilizokwisha kuchapisha, naweza kuzifanya sura? – Msomaji, Kirumba, Mwanza.

JIBU: Dada msomaji, wenzako wana hoja, ila wameanzia mkiani. Umbo la tasnifu hurekebishwa kwa siku chache mbele ya kompyuta, lakini kibali ambacho hukukiomba kabla ya kuingia uwandani hakiwezi kuombwa leo kwa ajili ya mahojiano ya mwaka juzi. Kwa hiyo fungua kwanza faili la barua zako. Kwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha hapa nchini, barua ya ruhusa ya utafiti hutolewa kwa kawaida na uongozi wa chuo kwa niaba ya Tume ya Sayansi na Teknolojia, kisha hupitia kwa Katibu Tawala wa Mkoa kabla ya kushuka wilayani, ambako kwa Kirumba ni Ilemela. Nakala zake huwekwa kwenye viambatisho pamoja na mfano wa fomu ya ridhaa. Usibandike humo picha za daftari lako la uwandani zenye majina na namba za simu za wauzaji, kwani tangu Mei 2023 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayotumika, na hata kabla yake maadili ya utafiti hayakuruhusu.

Baada ya hapo, soma sura yako ya mbinu kwa jicho la mtahini wa nje ambaye hajawahi kukanyaga Mwaloni. Ukiandika kwamba muuzaji aliuza sado tatu, yaani yale makopo ya kupimia sokoni, atauliza sado ni kilo ngapi, na atakuwa na haki, maana sado iliyorundikwa hadi kilele si sawa na ile iliyofutwa mdomoni kwa kiganja, na dagaa wabichi hawalingani uzito na waliokaushwa. Pima, andika ulivyopima, na ueleze ni mara ngapi. Vivyo hivyo kuhusu mwezi: dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikikolea wavuvi wengi hupumzika, hivyo wastani wa bei usioonyesha ulikusanywa siku za giza au za mwezi mpevu utakuangusha siku ya utetezi. Kwa maoni yangu, hapa ndipo uzamivu unapopatikana au kukosekana, kwa sababu chuo kinadai mchango mpya wa maarifa, nao hauonekani pale ambapo vipimo vyenyewe havieleweki.

Kuhusu makala, vipo vyuo vinavyokubali tasnifu iliyojengwa kwa makala, ikiwa na utangulizi na hitimisho linaloziunganisha, na vipo vinavyotaka andiko moja linaloendelea. Mwongozo wa chuo chako ndio wenye kauli. Vyuo vingi siku hizi hudai pia uwe na makala iliyochapishwa au kukubaliwa kabla ya kuwasilisha, kwa hiyo hizo mbili ni akiba nzuri. Tafuta idhini ya jarida lenye hakimiliki, eleza kwa maandishi sehemu uliyoifanya wewe ikiwa mliandika wengi, na umtahadharishe msimamizi kwamba programu ya kupima ufanano wa maandishi itakuonyesha kana kwamba umejinakili mwenyewe.

Sasa umbo. Kurasa za awali, yaani ithibati ya wasimamizi, tamko lako, shukrani, ikisiri na yaliyomo, hupewa namba ndogo za Kirumi, na namba za kawaida huanza na sura ya kwanza. Pambizo la kushoto huwa pana zaidi ili kuacha nafasi ya kujalidi. Tasnifu yangu mimi ilirudishwa dirishani pa kuwasilishia kwa sababu safu ya kwanza ya kila jedwali ilikuwa imemezwa na gundi. Tena usikimbilie jalada gumu: nakala za watahini huwekewa jalada jepesi, na jalada gumu hufuata baada ya utetezi na masahihisho. Toa taarifa ya kusudio la kuwasilisha mapema, kwa kuwa uteuzi wa watahini huchukua miezi.

SWALI: Je, tasnifu ya uzamivu inaweza kuandikwa kwa Kiswahili? – Msomaji, Nansio, Ukerewe.

JIBU: Inaweza, kutegemea fani. Katika Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, tasnifu huandikwa kwa Kiswahili. Katika fani nyingine lugha huwa ile iliyotajwa kwenye kanuni za masomo ya uzamili na uzamivu za chuo husika, ambayo mara nyingi ni Kiingereza. Ukiruhusiwa lugha nyingine, ipate ruhusa hiyo kwa barua kabla ya kutetea pendekezo la utafiti, kwa sababu watahini hutafutwa kwa kuzingatia lugha utakayoandika.