Kilomita zilikuwa za kweli, injini ilikuwa imekufa

Yakhe, usilipe. Kama arubuni bado iko mfukoni mwako, ibaki humo humo mpaka umalize kusoma.

Umesema umeona Mazda RX-8 ya 2008 kwenye yadi huko Kiembesamaki, gia za mkono, kilomita 21,000, "kama mpya", milioni kumi na tisa. Umeuliza utajuaje kama kilomita hazikurudishwa nyuma, spea zikoje, bima kubwa ni lazima au la, na kama utaweza kuivusha Pemba ukihamia Wete. Wenzangu wameshakujibu habari ya kilomita: tafuta karatasi ya mnada, yaani ile ripoti ya hali ya gari inayoandikwa mnadani Japani, tazama pedali, tazama usukani. Hakuna aliyekudanganya. Lakini hiyo ndiyo njia niliyopita mimi mpaka nikatumbukia, maana kilomita zangu zilikuwa za kweli.

Mwaka 2021 nilinunua RX-8 kama hiyo hiyo, mita inasoma 24,300. Karatasi ya mnada niliitafuta mwenyewe Japani kwa namba ya chesisi, sikuitaka ile picha ya dalali. Daraja 4.5, yaani karibu sawa na mpya. Nikailinganisha na cheti cha kufutia usajili kule, kilomita zikaja sawa. Nikapiga magoti kwenye vumbi nikasoma tarakimu nne ubavuni mwa tairi: 1508, yaani wiki ya 15 ya mwaka 2008, tairi zilizotoka nazo kiwandani. Mpira wa pedali ya breki bado una meno. Ngozi ya usukani haijaanza kung'aa. Nikarudi nyumbani nimefurahi kama mtoto mkesha wa Idi.

Na dalali akaniongezea sifa moja: "Ilikuwa ya bibi mmoja wa Osaka, akiendea sokoni tu na kurudi." Sentensi hiyo nikiisikia leo damu inanichemka. Alinitajia ugonjwa wa gari kwa mdomo wake mwenyewe, mimi nikaona ananisifia.

Injini ya RX-8 ni ya rotari, haina pistoni. Ndani mna rota mbili za pembe tatu, kila moja inazunguka ndani ya chumba chenye umbo la nane iliyonenepa. Kila ncha ya rota ina sili ya chuma, tatu kwa rota, sita kwa injini nzima. Sili hizo ndizo zinazozuia hewa isivuje, zikichoka hakuna mgandamizo, na bila mgandamizo una bati na viti tu. Zinaishi kwa oili, ndiyo maana injini hii inachoma oili kidogo kwa makusudi, na mwenyewe anatakiwa aichungulie kila akijaza petroli. Sasa mpe mtu wa sokoni na kurudi. Injini haipati moto sawasawa. Ikiwa baridi inakunywa petroli nyingi, petroli inaosha oili kwenye kuta, masizi yanajijenga, sili zinakwama kwenye mifereji yake. Ukiiwasha asubuhi ukaisogeza mita tano kumpisha jirani ukaizima, petroli inaweza kuzamisha plagi na isiwake tena siku hiyo. Ile ya gia sita za mkono ilitengenezwa ipande mpaka mizunguko 9,000 kwa dakika. Leo ukinipa ya kilomita 90,000 za barabara kuu na ya 21,000 za sokoni, naanza kuitazama ya 90,000.

Siku ya kuijaribu ilikuwa Jumamosi asubuhi. Injini baridi kabisa, ufunguo mara moja, ikawaka. Tukaenda nayo mpaka Fumba, barabara safi, nikaipandisha, nikasikia ule mlio wake mwembamba unaopanda bila kutetema, na hapo moyo ukawa umeshalipa. Kurudi nikasimama dukani kununua maji. Nikashika ufunguo niizime. Mkono wa dalali ukaja juu ya mkono wangu, taratibu kabisa. "Usiizime, kijana wangu. Gari za spoti zinataka kupumua kwanza." Akabaki ndani, gari inanguruma, mimi nikaenda kununua maji, na yeye nikamletea chupa. Tulipofika yadi akaizima mwenyewe, akafunga milango, ufunguo ukaingia mfukoni mwa kanzu.

Alijua. Hilo ndilo siwezi kumsamehe. RX-8 iliyochoka sili inawaka vizuri ikiwa baridi. Inakataa ikiwa moto. Ukiendesha nusu saa ukaizima, ukakaa dakika kumi, ukageuza ufunguo, hapo ndipo inapokuambia hali yake. Mtu anayeuza magari kila siku ya Mungu hakukuzuia kuzima kwa bahati mbaya.

Nilikuwa nimemlipa na fundi elfu hamsini aje aipime mgandamizo. Akafungua plagi, akachomeka geji ya kawaida, ile ya injini za pistoni, akasoma, akasema injini nzima. Geji ile ina vali inayoshika namba kubwa kuliko zote. Rota moja ina vyumba vitatu, basi viwili vikiwa hoi na kimoja kizima, geji inakuonyesha kile kizima. Kipimo cha rotari kinatoa namba tatu kwa kila rota, sita kwa jumla. Fundi yule simlaumu sana, kazi yake ni Vitz na Noah, na mimi sikumuuliza kama aliwahi kuifungua injini ya namna hii.

Wiki ya tatu tulikuwa tunatoka Nungwi. Mke wangu mbele, mama nyuma. Tukasimama Kinyasini kununua machungwa, nikazima. Dakika kumi hazikufika. Nikageuza ufunguo. Injini iliyo nzima ikipigwa starta unaisikia inagota, ina kitu inachokisukuma. Hii ilikuwa inazunguka laini kama feni ya dari, hakuna kinachoipinga. Nikapiga tena. Na tena. Nikashuka kufungua boneti, na kwa kuchanganyikiwa nikamsahau mama. Milango ya nyuma ya gari hii inafunguka kinyume, na haifunguki mpaka wa mbele utangulie kufunguliwa. Bibi wa watu yuko ndani, jua la saa saba, anagonga kioo kwa pete yake. Muuza machungwa ndiye aliyenishtua. Tulikaa chini ya mwembe saa nzima, injini ikapoa, ikawaka mara moja kana kwamba hakuna lililotokea. Mama hakusema neno mpaka Mahonda. Kisha akauliza hiyo gari nimeinunua au nimepewa niitunze.

Nikampigia dalali. "Betri hiyo." Nikanunua betri. "Basi starta." Nikabadilisha starta. "Plagi na koili, zimekaa sana." Plagi nne, koili nne. Milioni moja na nusu imeondoka kwa ushauri wa simu, na baada ya koili simu ikawa haipokelewi. Hapo ndipo nilipoagiza kipimo cha rotari kupitia mtu wa Dar es Salaam. Kitabu cha kiwanda kinataka mgandamizo usiwe chini ya kilo 6.9 kwa sentimita mraba, starta ikizungusha mara 250 kwa dakika. Rota ya mbele ikatoa 7.3, 7.1, 7.2. Ya nyuma 6.4, 4.9, 6.1. Nilizisoma mara tatu nimekaa juu ya ndoo, nikaenda kuswali Alasiri, nikarudi nikapima tena. Zile zile.

Injini nyingine ya mtumba, meli, fundi anayejua kweli, oili, mipira ya maji: milioni tisa. Zilikuwa pesa za kuezekea nyumba yangu Fuoni. Kuta zilinyeshewa masika mawili bila bati, na mke wangu alipita pale kila siku akienda kazini.

Wapo wa maskani watakaosema ningenunua IST nikatulia. IST tunayo, ya mke, na inawaka popote. Sikwambii usinunue RX-8. Kiwanda hakikuficha kitu: Marekani, Mazda wenyewe waliongeza dhamana ya injini za 2004 mpaka 2008 ikafika miaka 8 au maili 100,000, kwa hiyo udhaifu huu unajulikana dunia nzima isipokuwa kwenye yadi zetu. Yangu ninayo mpaka leo na naipenda. Ninapokwenda nayo Bwejuu alfajiri naipandisha kila safari, ndivyo inavyotaka.

Lakini wewe fanya hivi, hata kama mengine yote utayaacha. Endesha nusu saa. Izime wewe mwenyewe, kwa mkono wako. Kaa dakika kumi ukitazama saa, si kwa kukisia. Iwashe. Ikisita, ikizunguka laini bila kugota, ikakutaka ukanyage mafuta ndipo iwake, shuka. Usisikilize betri, usisikilize starta, usisikilize "zinataka kupumua". Ikiwaka upesi, hapo ndipo kipimo cha rotari kiingie, injini ikiwa bado moto, uone namba sita. Anayekataza kuzima gari yake mwenyewe ameshakujibu.

Na ukifika yadi kabla hujasema salamu ndefu, weka kiganja juu ya boneti uone kama ni baridi, maana baridi ndiyo inayoficha ugonjwa huu. Wakikuambia njoo asubuhi mapema tu, wewe nenda alasiri.

Spea za bodi zinapatikana kwa kuagiza, sili na gasketi pia, ila uwe na subira. Ya bima na ya Pemba nawaachia wenzangu, na gari isiyowaka Kinyasini haitawaka Wete.

Kipimo bado ninacho, kiko kabatini. Jumamosi hii baada ya Adhuhuri sina kazi. Niandikie ni yadi gani, tutakutana hapo nje, na chupa ya maji safari hii anunue yeye.