Mwani, watoto na darsa: nina udhuru wa kutosoma dini?

SWALI: Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Sheikh, mimi ni mama wa watoto wanne, naishi kaskazini ya Pemba na kazi yangu ni mwani. Chuoni niliishia juzuu amma, kisha nikaolewa. Msikitini kwetu kuna darsa la wanawake kila Jumanne na Alkhamis baada ya alasiri. Nimejiandikisha nikaacha, nikarudi nikaacha tena. Likiwa bamvu, yaani siku za maji makubwa pwani ikikauka sana, niko pwani, nikirudi kuna chakula cha watoto, na usiku nimechoka, najilaza na simu mpaka usingizi unanichukua. Mume wangu hanikatazi, lakini hanisaidii. Mwenzangu kaniambia mama mwenye watoto hana dhambi kwa kutosoma. Ni kweli nina udhuru? Na kama sina, nianzie wapi?

JAWABU: Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Mwanangu, Mwenyezi Mungu akuzidishie hamu hiyo iliyokurudisha darsani kila ulipoacha. Mwenye kurudi si sawa na aliyekata tamaa.

Aliyokwambia mwenzako yana ukweli ndani yake, lakini kayachanganya mambo mawili. Kubobea katika elimu, mtu akawa wa kuulizwa na kutoa fatwa, hilo ni faradhi ya kutosheleza. Wakilisimamia baadhi, wengine wamesalimika. Qur'ani yenyewe, katika Suratut Tawba aya ya 122, imesema haiwapasi waumini kutoka wote, bali litoke kundi katika kila jamaa likajifunze dini. Hakuna anayekudai hilo. Ila ile hadithi ya Ibn Majah isemayo kwamba kutafuta elimu ni faradhi kwa kila Muislamu inakugusa wewe na mimi: lazima ujue yale ambayo ibada yako na chumo lako haviwi sawa bila ya kuyajua. Hapo kuwa na watoto hakumwondolei mtu wajibu.

Nikupe mfano mmoja. Mwanamke katahirika na hedhi jioni, jua linakaribia kuzama. Anasema leo nimechelewa, nitakoga kesho asubuhi nianze sala ya alfajiri. Katika madhehebu yetu ya Shafi, akitahirika kabla ya magharibi hata kwa kadiri ya kusema Allahu Akbar, alasiri ya siku ile imemlazimu, na adhuhuri yake pia. Magharibi na isha ndiyo usiseme, maana zote mbili zimemkuta keshatahirika. Sala nne zimempita kwa usiku mmoja, na mwezi ujao zitampita tena, wala hana habari. Huyu utamwambia apumzike, ana watoto?

Na pwani nako kuna masuala. Mnunuzi anakupa kamba na taitai (vikamba vya kufungia mbegu za mwani) bure, kwa sharti mwani wako usimuuzie mwengine, na bei apange yeye. Ile ni zawadi, ni mkopo, au ni mauziano yaliyofungwa kabla bidhaa haijakuwapo? Kila moja ina hukumu yake, na hukumu hiyo hutafutwa kabla ya kupokea kamba.

Sasa tuje kwenye wakati. Umetaja mambo matatu: bamvu, chakula cha watoto, na simu ya usiku. Mawili ya mwanzo ni shughuli za halali na unalipwa kwazo ukinuia vyema. La tatu, nakwambia kwa mapenzi, si udhuru. Mtume (s.a.w.) amesema katika hadithi ya Ibn Abbas aliyoipokea Bukhari kwamba ziko neema mbili ambazo watu wengi wamepunjika kwazo: afya na faragha, yaani wakati usio na shughuli. Faragha yako unayo, tena kila usiku, na umeiachia simu iile.

Bamvu lenyewe nalo litazame vizuri. Hesabu yake unaijua kunishinda: maji makubwa hufuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu, na katikati yake, mnamo tarehe saba na nane na tena ishirini na mbili hivi za mwezi wetu wa Kiislamu, huja maji mafu, pwani haikauki vya kutosha na hamna cha kufuata huko. Basi maji mafu ndiyo majira yako ya darsa. Darsa la Jumanne na Alkhamis likiangukia bamvu mara hii, mara nyengine litaangukia maji mafu. Na kwa nini msimwendee mwalimu, nyinyi wanawake wa mwani, mkamwomba masomo mazito ayaweke siku za maji mafu? Si kukosa adabu. Wanawake wa Madina walimwambia Mtume (s.a.w.), "Wanaume wametushinda kwako, tuwekee siku," naye akawawekea siku yao akawasomesha.

Siku usizoweza kabisa, shirikianeni. Sayyidna Umar alikuwa akikaa Awali, pembezoni mwa Madina, na ana jirani yake Ansari, katika wenyeji wa Madina. Walipeana zamu: leo anateremka huyu kwa Mtume, kesho yule, na jioni aliyeteremka humpa mwenzake habari za wahyi na yote aliyoyasikia. Umar alikuwa na chumo lake na nyumba yake kama wewe. Tafuta mwenzako mmoja unayefunga naye mbegu kivulini, mpeane zamu hivyo hivyo, na siku ya pili mikono ikifunga mwani mdomo usimulie somo.

Hata hivyo liko jambo lilimpita Umar. Sahaba Abu Musa alibisha hodi kwake mara tatu, hakujibiwa, akaondoka. Umar alipomuuliza akasema hivyo ndivyo alivyofundisha Mtume. Umar akataka shahidi, akaja Abu Said al-Khudri akashuhudia. Basi Umar, Khalifa wa Waislamu, akasema: hili lilinipita mimi? Soko lilinishughulisha. Hakuifanya biashara kuwa kinga. Aliitaja kuwa ndiyo iliyomkosesha, na pale pale akajifunza kwa aliye mdogo kuliko yeye. Nampenda sana Umar kwa neno hili.

Darsa za kurikodiwa za kwenye simu sizikatazi, zisikilize hata kwenye kukuna nazi. Lakini simu huwezi kuionesha tatizo lako ikakuuliza damu ilikuwa ya rangi gani na siku ngapi. Mwalimu wa kumuuliza ni lazima.

Mumeo naye nina neno naye, umsomee. Ndugu yangu, Mwenyezi Mungu amesema katika Suratut Tahrim aya ya 6, "Jiokoeni nafsi zenu na watu wenu na Moto." Kama unayajua mambo haya msomeshe mkeo wewe, kama huyajui, mafaqihi wetu wamesema ana haki ya kutoka kwenda kuyauliza. Na kutomkataza peke yake hakutoshi. Bi Aisha aliulizwa Mtume akifanya nini nyumbani, akajibu kuwa alikuwa akiwahudumia watu wake. Kaa na watoto baina ya alasiri na magharibi.

Ukiwa na mimba nzito, ukiwa na mtoto mgonjwa au mzazi wa kumuuguza, huo ni udhuru wa kweli, punguza, usijilaumu.

Anza na Safina, kile kitabu kidogo cha fiqhi ya Shafi, maana huenda ukaikumbuka kutoka chuoni: mlango wa tahara, kisha sala. Mistari michache kila siku baada ya alfajiri kabla watoto hawajaamka inatosha, kwani amali ipendezayo zaidi kwa Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu hata ikiwa kidogo. Ukifika kwenye hedhi ukagundua kuna sala zilikupita kwa kutojua, usiingiwe na hofu ukaacha tena. Kadiria idadi mpaka moyo utulie, lipa moja baada ya kila sala ya faradhi, na zile unazozitilia shaka kaziulize darsani.

Wallahu a'alam.