Ipasheni moto kwanza: kwa mnaoanza klarineti Nairobi

Jumamosi iliyopita, asubuhi ya ukungu kule Karen, nilimwona kijana wetu mmoja akifungua kesi iliyolala ndani ya gari usiku kucha. Akaunganisha vipande, akabana ridi, kile kibanzi chembamba cha tete kinachotetemeka mdomoni, akaanza kupuliza noti za juu kwa nguvu zote. Nilimkimbilia. Wadogo zangu, nimeyasema haya mazoezini hadi nimechoka, basi leo nayaandika.

1. Pasheni klarineti moto kabla ya kupuliza. Klarineti nzuri ni mpingo, mti uleule wa vinyago vya Wamakonde, mzito hata huzama majini. Uzito huo hauusaidii kitu asubuhi ya Julai. Pumzi yako ina joto na unyevu, mti unavimba kwa ndani, huku nje bado ni baridi. Hapo ndipo unapopasuka.

Mimi nilipasua ya mwalimu wangu. Aliniazima niende nayo harusini, akanipa agizo moja tu: "Ikae kwapani kwanza." Foleni ya Ngong Road ikanichelewesha. Nilipofika, bibi harusi alikuwa anashuka garini na bendi yote inanitazama. Nikaona haya kusimama pale bila kupiga. Nikapuliza. Wimbo wa tatu sauti ikaanza kuvuja. Nikageuza kipande cha juu, nikaona ufa mwembamba kama unywele, umeanzia kwenye tundu la juu kabisa.

Ufa ungesameheka. Kilichonitesa ni nilichofanya baadaye. Niliifuta vizuri, nikaipanga kwenye kesi ule ufa ukatazama chini, nikairudisha jioni ileile na kusema, "Asante, Mwalimu." Siku mbili baadaye akapiga simu. Hakufoka. Aliuliza, "Ulijua?" Nikasema sikujua. Fundi aliuziba kwa gundi na unga wa mpingo, ikalia tena, na mwalimu akalipa mwenyewe. Mwaka mzima nilikuwa nikimsikia akiipiga, na kila noti ya koo, zile za kati zinazotoka kipande cha juu, ikinichoma. Mwishowe nilikwenda kwake, nikaungama nikiwa nimesimama mlangoni kabla hata sijakaribishwa kiti. Alinisikiliza, akaenda kuchemsha chai.

Ukivunja kitu cha mtu, sema siku hiyohiyo.

2. Ridi ziwe tatu au nne kwa zamu, na iliyokupendeza hapa, mita 1,700 hivi juu ya bahari, ijaribuni upya mkishuka Mombasa.

3. Mpiga piano akisema wimbo uko C, wewe uko D, maana klarineti yetu ya B-flat hulia toni moja chini ya noti iliyoandikwa. Msiniulize tena jukwaani.

4. Mkialikwa safari, sikilizeni kwanza. Mnanijua, hapa huwa namtaja Tony Scott, mpiga klarineti wa jazi. Alizaliwa Morristown, New Jersey, mwaka 1921, akasoma chuo cha muziki cha Juilliard, akapiga na mwimbaji Billie Holiday. New York ilimjua vizuri. Mwaka 1959 akaiacha akaelekea Asia. Rekodi yake ya Kijapani, pamoja na Hozan Yamamoto kwenye filimbi ya shakuhachi na Shinichi Yuize kwenye koto, ala ya nyuzi ya Kijapani, aliifanya mwaka 1964. Hesabuni hiyo miaka: mitano tangu aondoke. Isikilizeni: anapuliza noti moja, anaiacha ififie, anawapisha wenzake. Mtu aliyezoea kasi ya bibop, jazi ya noti za mbio, alikubali kunyamaza katikati ya wimbo wake mwenyewe! Baadaye akahamia Italia, akafariki Roma mwaka 2007.

Sasa ninyi mkifika Unguja, jioni ya kwanza tu mnataka solo juu ya taarabu. Nilishuhudia mmoja wetu akimfunika mpiga kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarabu, kwa noti za haraka, mzee wa watu akaondoa vidole kwenye nyuzi na kungoja amalize. Nilitamani kumvuta shati. Kesho yake nilimketisha karibu na yule mzee, klarineti ikiwa kwenye kesi, asikilize mazoezi yote. Jioni akaniomba ruhusa apige noti mbili tu za kuitikia, na mzee akatikisa kichwa kukubali.

Jumamosi tuko Karen tena, saa moja asubuhi. Njooni na vitambaa vya kufutia, na vipande vya juu viwe ndani ya makoti.